Sauti yangu haitoki tangu video ile isambae

"Mama, pokea salamu zangu. Nina miaka 24, ninatoka Arua, naimba kwa Kiswahili na Kilugbara. Mwaka jana wimbo wangu mmoja ulishika. Ulipigwa kwenye redio za huku, ukavuka mpaka hadi Ariwara ya Kongo na Yei ya Sudan Kusini, watu wakaanza kuniita kwa jina la jukwaani hata sokoni. Miezi miwili iliyopita niliitwa Kampala kwenye tamasha kubwa. Nilisafiri na basi la usiku, sikulala, na nilipopanda jukwaani saa tano usiku sauti ikakatika kwenye kiitikio. Watu wakazomea, zikarushwa chupa mbili za plastiki. Mtu alirekodi sekunde 11 akaziweka TikTok. Mpaka leo zinazunguka, watu wanazifanyia vichekesho. Wanatukana mwili wangu, kabila langu, hata mama yangu anayeuza samaki. Nasoma yote mpaka saa tisa usiku. Nikijaribu kuimba, koo linabana kama limefungwa kamba. Sokoni siendi tena, nahisi kila mtu ananitazama. Meneja anasema kelele ni soko. Mchungaji anasema nisamehe na nisisome. Shangazi anasema nimerogwa. Mimi najiona dhaifu tu, maana wasanii wengine wanatukanwa kila siku na wanacheka. Nifute akaunti? Niwajibu? Niache muziki? Usiku mwingine natamani nisiamke asubuhi."

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaanza na sentensi uliyoiacha mwisho kana kwamba ni nyongeza. Kutamani usiamke si uvivu wala si upungufu wa imani. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na inataka kushughulikiwa wiki hii. Leo kabla hujalala, mwambie mtu mmoja anayekupenda, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia, bila kuyapunguza makali. Mwombe alale nawe chumba kimoja siku hizi. Vidonge vilivyobaki nyumbani na dawa ya wadudu ya shambani vitoke, vikahifadhiwe kwa jirani. Na kutamani huko kukigeuka kuwa mpango, ukaanza kufikiria siku na namna, msisubiri kupambazuke: nendeni hospitali usiku huohuo. Siandiki haya ili kukutisha. Kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kufa hakumpandii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunampunguzia kazi ya kulibeba peke yake.

Sasa tuje kwenye neno "dhaifu", maana ndilo lililobeba barua nzima. Unaamini mtu imara angetukanwa na maelfu ya watu, akala, akalala, akaamka anaimba. Mtu wa namna hiyo sijakutana naye, na nimekaa kwenye kiti hiki cha ushauri miaka mingi. Binadamu ameishi vizazi visivyohesabika katika vikundi vidogo, ambamo kufukuzwa na wenzako kulikuwa karibu sawa na kufa: huna moto, huna chakula, huna wa kukulinda usiku. Mwili ulijifunza kuchukulia kukataliwa kama hatari ya uhai, na haujasahau. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira. Katikati ya mchezo wachezaji wengine wakaacha kumrushia mshiriki mpira. Ndani ya ubongo zikaamka sehemu ambazo huamka pia mtu anapoumia mwilini. Wanasayansi bado wanabishana maumivu hayo mawili yanafanana kiasi gani, ila kwamba kutengwa kunauma, hilo halina ubishi. Na ule ulikuwa mpira wa kwenye skrini, kwa dakika chache, pamoja na wachezaji ambao mshiriki hakuwajua hata kwa sura. Wewe umepigwa miezi miwili, kwa matusi yaliyomfikia mama yako kwenye meza yake ya samaki.

Kwa hiyo mwili wako unadhani umefukuzwa kijijini. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, maana karibu kila nitakachokushauri hapa chini kinatoka humo.

Angalia koo lako. Hofu inapopanda, moyo hudunda, pumzi huhamia juu kifuani, misuli ya shingo na mabega hukaza tayari kwa kukimbia au kupigana. Kisanduku cha sauti kimening'inia katikati ya misuli hiyo hiyo. Ikikaza, nyuzi za sauti hukosa nafasi ya kutetema vizuri, na sauti za juu ndizo hukatika kwanza. Kamba unayoisikia ipo kweli, ila ni misuli yako mwenyewe inayojaribu kukulinda. Namheshimu shangazi yako. Anamwona mtoto wake anakonda na anatafuta jina la adui. Lakini ukishakubali kwamba umerogwa, utaanza kuwachunguza majirani mmoja mmoja, na hao ndio watu unaowahitaji kuliko wakati mwingine wowote. Jambo moja tu la tahadhari: kama sauti inakwaruza au kukatika hata unapoongea kawaida, muone daktari wa masikio, pua na koo. Sauti iliyoharibika zaidi ya wiki 4 haifai kukisiwa kwa barua, nawe una miezi miwili.

Unasema wenzako wanatukanwa na wanacheka. Unaona sekunde walizochagua kukuonyesha. Saa tisa zao za usiku huzioni. Bukayo Saka, mwanasoka wa England, alikosa penalti ya mwisho ya fainali ya Euro Julai 2021 akiwa na miaka 19, na matusi ya kibaguzi yakamwagika kwenye simu yake. Julai 2024, kwenye robo fainali dhidi ya Uswisi, alipiga penalti tena, ikaingia. Tunaikumbuka ile iliyoingia. Miaka mitatu iliyoko katikati ameiishi yeye. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alijitoa katikati ya fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akaitwa mwoga na watu ambao hawajawahi kuruka hata mtaro, kisha Paris mwaka 2024 akachukua dhahabu 3. Hawa hawakucheka. Mmoja alijitoa kwenye shindano ili ajilinde.

Na hapa kwetu tuna mfano ambao mimi huurudia sana kwa wasanii. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza kwamba ana UKIMWI, Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kusema hivyo hadharani. Wapo waliosema anaongopa, anatafuta pesa na sifa. Fikiria mtu anakufa, na anaambiwa anaigiza. Yeye akaenda shuleni na makanisani, akasimama mbele ya watu waliomwona macho, mashavu na mikono iliyokonda, akaongea nao. Desemba mwaka huohuo akafariki. Kuna mengi ya kujifunza kwake, ila kwa ajili yako nachukua hili moja: maneno yake aliyapeleka kwa watu waliokaa mbele yake. Hakukimbizana na uvumi.

Sasa simu. Najua wanakwambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni methali nzuri, lakini ng'ombe akishakunywa huondoka zake mtoni. Wewe unarudi na vyura mpaka kitandani. Kijana mmoja mwenye jina lake kwenye michezo alikuja ofisini kwangu, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza tulipoanza kuongea. Kila ilipotetemeka, kidole chake cha shahada kiliruka juu ya paja, hata alipokuwa anazungumza habari za mwanawe mchanga. Mwenyewe hakujua. Nilipomwonyesha, alikiangalia kile kidole muda mrefu, kisha akalia. Usidhani alikosa nidhamu. Maoni ya mtandaoni hufanya kazi kama mikeka ya kubeti: unasoma matusi tisa, la kumi ni mama wa Koboko anayesema wimbo wako ulimfariji msibani. Hilo la kumi ndilo linalokurudisha kesho. Malipo yasiyojulikana yatakuja lini humshika mtu kuliko malipo ya kila siku. Na ukishayapata, ubongo hautoi uzito sawa: tusi moja hukaa, sifa kumi hupita, kwa sababu kwa mwili unaoogopa, kumkosa nyoka mmoja nyasini ni kosa kubwa kuliko kukosa maembe kumi.

Ndiyo maana ushauri wa mchungaji, "usisome", ni sahihi lakini hautekelezeki kwa nia peke yake. Kusamehe pia ni jambo jema, na siku yake itafika. Kusamehe watu ambao bado wanakupiga mawe, ukiwa hujalala, ni kujidai deni usiloweza kulipa sasa. Fanya hivi. Ondoa programu ya TikTok kwenye simu yako kwa wiki 3. Akaunti ibaki, na nywila yake ashike mtu mmoja unayemwamini. Dada yako akikubali, yeye ndiye bora. Kila siku aingie nusu saa tu, mchana. Akuandikie kwenye daftari mambo ya aina mbili pekee: kazi zilizoulizwa, na vitisho. Mengine yote yaishie kwake, naye usimwache ayabebe bila kumuuliza hali. Simu ilale sebuleni. Nunua saa ya kengele ya mezani, hata ile ya bei ndogo ya dukani, ili usipate sababu ya kuigusa saa nane usiku.

Umeuliza kama ufute akaunti. Mimi sioni faida kubwa, na hasara iko wazi, kwa sababu wasikilizaji wako wa Ariwara na Yei wanakupata humo. Isitoshe, kufuta hakuizuii video. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na watu wengi wakaendelea kuingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Seuze sekunde 11 ambazo tayari ziko kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini kama kuifuta ndiyo njia pekee ya wewe kulala, ifute, usingizi wako ni wa thamani kuliko akaunti.

Kujibu ni suala gumu kidogo. Ukimjibu mtukanaji mmoja, unawaonyesha wengine mlango uliko. Ila kukaa kimya kabisa nako, hasa pale mama yako alipotajwa, kunaweza kukuachia donge moyoni. Wengine waliopitia haya wamesaidika kwa tamko moja fupi, likatoka mara moja na kufungwa maoni: kwamba usiku ule sauti ilikushinda, kwamba unapumzika, kwamba utarudi. Bila kuomba radhi kwa kuwa na koo la binadamu, bila kumtaja aliyerekodi. Liandike, lilaze siku 2, dada yako alisome, kisha muamue pamoja. Ukiona mkono unatetemeka unapoliandika, bado muda haujafika.

Vitisho ni mlango mwingine. Anayesema atakudhuru, au anayetaja nyumba ya mama yako, huyo hajibiwi wala hapuuzwi. Piga picha ya skrini yenye jina la akaunti na tarehe, hifadhi mahali pawili, mpelekee polisi ukiwa na mtu mzima wa familia. Nikueleze ukweli kwamba matusi matupu ni vigumu kuyafikisha mbali: Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kile kifungu cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kilichoadhibu mawasiliano ya kuudhi. Kutishia kumdhuru mtu kumebaki kosa. Usitumie nguvu ulizobaki nazo kuwafukuza watukanaji mahakamani.

Meneja wako anasema kelele ni soko. Kwa wimbo inawezekana. Wimbo haulali njaa wala haulii. Tatizo ni kwamba faida ya kelele mnagawana, na maumivu yake unabaki nayo peke yako. Mwambie hivyo, kwa heshima. Na hapa lazima niseme jambo ambalo huenda likakuuma: ndani ya rundo lile la matusi lilikuwemo neno la kweli, kwamba ulipanda jukwaani hujajiandaa. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha basi usiku kucha, ameegemeza kichwa kwenye kioo, hajanywa maji ya kutosha kwa kuogopa kukosa pa kujisaidia njiani, kisha akaimba saa tano usiku kwa vyombo ambavyo hajavijaribu, sauti yake ina kila sababu ya kukatika. Hilo ni kosa la ratiba, na ratiba hurekebishwa. Mkataba ujao useme utafika siku moja kabla, utalala, na utajaribu vipaza sauti mchana. Tofautisha hivyo kila lawama inayokufikia: ile inayogusa kazi ina kitu unachoweza kubadilisha kesho asubuhi, ile inayogusa pua yako, kabila lako na samaki wa mama haina.

Kuhusu sokoni, kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Cornell lililochapishwa mwaka 2000. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyeona aibu kuvaa sura yake, wakaingizwa kwenye chumba cha wenzao. Walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha. Kwa kweli ilikuwa kama robo. Tukiwa na aibu tunajiona tumewashiwa taa kubwa kuliko iliyopo. Sitakudanganya, wewe unajulikana, wapo watakaokutazama na pengine mmoja atacheka. Lakini wengi watakuwa wanauliza bei ya nyanya. Kadiri unavyojificha ndani, mwili hupata uthibitisho kwamba nje kuna hatari kweli, na kesho yake mlango unakuwa mzito zaidi. Hofu ya namna hii haitulizwi kwa mabishano ya kichwani. Hutulia mwili ukishaona kwa macho kwamba hujafukuzwa.

Basi uonyeshe mwili wako kijiji. Wiki ya kwanza nenda ukakae na mama kwenye meza yake ya samaki, nusu saa, asubuhi kabla hapajajaa. Usitoke mapema hofu ikipanda. Kaa mpaka ianze kushuka, itashuka. Kuimba nako kuanze chini: kwanza kuvuma kwa midomo iliyofungwa unapoosha vyombo, pumzi ikitoka tumboni, hakuna maneno, hakuna wimbo wako. Kisha wimbo wa mtu mwingine mbele ya dada. Kisha kwaya, ambako sauti yako inaegemea sauti 20 nyingine. Nimewaona waimbaji wengi waliopata tena pumzi kwenye kwaya. Baadaye harusi ya ndugu. Wimbo uliokatikia Kampala uwe wa mwisho kurudi. Usipande ngazi ya pili mpaka ya kwanza iwe imekuchosha kwa kuizoea. Huenda ikachukua miezi. Waswahili husema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na zizi lako liko karibu kuliko la wengi ninaowahudumia hapa Kampala, waliohama kwao na kubaki na mashabiki peke yao.

Umeniuliza uache muziki. Usiamue hilo ukiwa unalala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku. Nimewaona walioacha wakapata amani, sina dharau na njia hiyo, ila waliamua wakiwa wamepona. Jiulize tena ukishalala vizuri mwezi mzima. Na katika muda huo kaa mbali na waragi na vidonge vya usingizi vya kujinunulia. Pombe hukuangusha usingizini haraka kisha hukuamsha saa tisa ukiwa na huzuni zaidi, na kwa mtu mwenye mawazo uliyoniandikia, hupunguza breki.

Haya yote hayachukui nafasi ya kuonana na mtu uso kwa uso. Usingizi umekupotea, umejifungia, na unatamani usiamke. Hayo matatu kwa pamoja, kwa miezi miwili, yanahitaji kupimwa kama huzuni ya ugonjwa, ambayo ina tiba ya mazungumzo na, ikibidi, ya dawa. Huna haja ya kusafiri tena. Hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Arua ina kitengo cha afya ya akili. Ukiwa Kampala kuna Mulago, na kuna Butabika. Najua jina la Butabika linavyotumika kama tusi mitaani, lakini tangu mwaka 1955 hospitali ile imewatibu watu wa kila aina, na wengi huingia kliniki asubuhi wakarudi kwao jioni. Hakuna anayekuja kukukamata. Unakwenda kwa miguu yako, unajieleza, unasikilizwa.

Ukifika dirishani usiseme "nina mawazo tu", watakuacha kwenye foleni ndefu. Sema: silali tangu miezi miwili, na usiku mwingine natamani nisiamke. Nenda na dada yako. Simu aishike yeye.